Mdakaji wa Chuma au Mdakaji wa Zamu?

Kila kocha wa besiboli, awe na timu ya sekondari Dar es Salaam au klabu ya Kampala, hufika siku akalazimika kuamua jambo moja kuhusu mdakaji wake. Je, aliye bora amchezeshe kila mchezo mpaka msimu uishe, au ampe zamu na mwenzake hata kama mwenzake bado anakosea? Marekani wamekuwa wakilijibu swali hili kwa zaidi ya miaka 130, kila kizazi kwa namna yake, na kila jibu limeacha kumbukumbu: idadi ya michezo, umri wa kustaafu, mifupa iliyovunjika. Nimeyaweka majibu hayo bega kwa bega ili anayetakiwa kuamua apate pa kuanzia. Msimamo wangu nautaja mapema: idadi ya michezo ya msimu mmoja ndiyo kipimo kibovu kuliko vyote cha uimara wa mdakaji, na ndicho kinachopendwa kuliko vyote.

Kwanza kazi yenyewe. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila mpira unaotoka kwa mrushaji wake. Katika mchezo wa kawaida wa awamu tisa (awamu ni kipindi ambacho kila timu hupata zamu ya kupiga) mipira hiyo ni kama 145 hadi 150, bila kuhesabu ile ya kupasha misuli kila awamu inapoanza. Mpira ukidundia chini, anauzuia kwa kifua. Ukichubua gongo na kubadili njia dakika ya mwisho, unamfikia kidoleni, begani, shingoni au usoni. Mkimbiaji akijaribu kuiba besi ya pili, yaani kukikimbilia kituo hicho wakati mrushaji anarusha, mdakaji anainuka na kurusha mpira umbali wa karibu mita 39 kabla mtu hajamaliza kusema neno. Juu ya hayo yote ndiye anayemwelekeza mrushaji arushe nini, kwa mpigaji yupi, wakati gani. Hakuna mchezaji mwingine uwanjani anayefanya kazi ya mwili na ya kichwa kwa wingi huo siku moja.

Mzigo wa jana na mzigo wa leo

Watu wengi wakilinganisha vizazi husema kwamba wa zamani walikuwa wagumu na wa leo wanabembelezwa. Ukiangalia mzigo wenyewe utaona umebadilika umbo. Kuna sehemu umepungua sana, na kuna sehemu umeongezeka kuliko wakati wowote.

Uliopungua ni mzigo wa mapigo ya wazi. Katika miaka ya 1870 wadakaji walidaka karibu mikono mitupu. Kinga ya uso ilitokea Harvard mwaka 1877, ikatengenezwa na Fred Thayer. Kinga za miguu alizivaa Roger Bresnahan wa New York Giants mwaka 1907, na watazamaji wakamzomea. Kabla ya hapo timu ilibeba wadakaji kadhaa, kwa sababu kila wiki mmoja wao alikuwa na kidole kilichovunjika. Ndiyo maana Chief Zimmer wa Cleveland alipodaka michezo 125 mwaka 1890, ilikuwa ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja glavu yenye bawaba, inayojifunga yenyewe mpira ukiingia, na mdakaji akaweza kuuficha mkono wake wa kurushia nyuma ya mgongo. Mwaka 1996 Charlie O'Brien wa Toronto alivaa kinga ya uso iliyofanana na ya magolikipa wa hoki, inayofunika kichwa chote. Mwaka 2014 kanuni mpya ilimzuia mkimbiaji kumparamia mdakaji kwenye besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, kwa makusudi.

Muda nao umepungua, ingawa hilo ni la juzi tu. Mwaka 2021 mchezo wa awamu tisa ulichukua wastani wa saa tatu na dakika kumi. Saa ya mrushaji, inayompa sekunde chache tu za kurusha, ilipoanza kutumika mwaka 2023, wastani ukashuka hadi kama saa mbili na dakika arobaini. Hiyo ni nusu saa nzima ya kuinuka na kuchuchumaa, kusimama juani na kufikiri, iliyoondolewa katika kila siku ya kazi. Tangu mwaka 2020 awamu za nyongeza za msimu wa kawaida huanza na mkimbiaji akiwa tayari besi ya pili, hivyo katika msimu huo ile michezo ya usiku kucha karibu imekwisha. Yogi Berra wa New York Yankees, akiwa na umri wa miaka 37, alidaka mchezo mzima wa awamu 22 dhidi ya Detroit tarehe 24 Juni 1962. Walicheza saa saba. Kwa kanuni za leo, mchezo wa namna hiyo katika msimu wa kawaida karibu hauwezekani.

Sasa tazama ulioongezeka. Mwaka 2008 mpira wa kasi ulirushwa kwa wastani wa karibu kilomita 148 kwa saa. Leo ni karibu 152, na warushaji wanaobadilishana zamu katika mchezo mmoja ni wengi, kila mmoja na mipira yake inayopinda kwa namna yake. Mdakaji wa mwaka 1970 aliweza kuwajua warushaji wake kama ndugu zake. Wa leo anaweza kupokea watu watano usiku mmoja, mmoja wao aliyeletwa na timu jana yake. Mwaka 2023 besi zilipanuliwa, na besi zilizoibwa zikapanda kutoka chini ya 2,500 hadi zaidi ya 3,500 kwa msimu. Mkono wa mdakaji ukarudishiwa kazi uliyokuwa umeanza kuisahau.

Kuna hatari nyingine inayosemwa kidogo. Ili kumshawishi mwamuzi kwamba mpira wa chini ulipita sehemu halali, wadakaji wamesogea karibu zaidi na mpigaji, wengi wakiwa na goti moja chini. Mkao wa goti moja unayapunguzia magoti mzigo, na mimi naukubali. Kusogea mbele ndiko kunakonitia wasiwasi. Mei 2024 Willson Contreras wa St. Louis Cardinals alipigwa na gongo la mpigaji mkononi, mfupa ukavunjika. Msimu uliofuata timu ikamhamishia besi ya kwanza.

Wale wa chuma

Safu ya kwanza ya ulinganisho ni ya waliodaka karibu kila siku. George Gibson wa Pittsburgh alidaka michezo 150 mwaka 1909, kisha akadaka fainali yote ya michezo saba na timu yake ikawa bingwa. Mwaka 1944, vita vilipokuwa vimewachukua wachezaji wengi, Frankie Hayes wa Philadelphia Athletics na Ray Mueller wa Cincinnati Reds kila mmoja alidaka michezo yote 155 ya timu yake. Hayes aliendelea mpaka akafikisha michezo 312 mfululizo, rekodi ambayo hakuna aliyeikaribia.

Kileleni yuko Randy Hundley wa Chicago Cubs, aliyedaka michezo 160 mwaka 1968. Miaka hiyo ni lazima isomwe pamoja. Kuanzia 1966 hadi 1969 Hundley alidaka zaidi ya michezo 600 ndani ya misimu minne, chini ya kocha Leo Durocher, ambaye hakuwa mtu wa kuwapumzisha wachezaji wake wa kwanza. Uwanja wa Cubs haukuwa na taa, kwa hiyo michezo ya nyumbani ilichezwa mchana, majira ya joto ya Chicago. Msimu wa michezo 160 Hundley alipiga kwa wastani wa .226 (mapigo 226 yaliyofaulu katika kila majaribio 1,000), wakati mwaka uliotangulia alikuwa na .267. Mwaka 1970 goti lake liliumia katika mgongano kwenye besi ya nyumbani, akacheza michezo 73 tu. Mwaka 1971 alicheza tisa. Alikuwa na miaka 29.

Kuna watakaosema, na kwa haki, kwamba goti lilivunjwa na mkimbiaji, halikuvunjwa na uchovu. Nakubali. Lakini mgongano ni bahati nasibu ambayo tiketi zake ni awamu. Aliyekaa nyuma ya besi awamu nyingi zaidi ameshika tiketi nyingi zaidi. Na mwaka 1969, Cubs walipokuwa wakiongoza kundi lao mpaka Agosti kisha wakaporomoka Septemba na kupitwa na New York Mets, waliocheza kila siku ndio walioonekana kuishiwa nguvu, na mdakaji alikuwa mmoja wao. Sijaona faida ambayo Cubs walipata kwa ile michezo kumi au kumi na tano ya ziada. Rekodi ya 160 ipo, haijavunjwa, na natumaini haitavunjwa.

Ukimlinganisha Hundley na Bill Dickey wa Yankees, tofauti ya falsafa inaonekana. Dickey alidaka michezo 100 au zaidi kwa misimu 13 mfululizo, kuanzia 1929 hadi 1941, katika zama za glavu nene na kinga hafifu. Msimu mmoja mmoja hashangazi. Yote 13 kwa pamoja inashangaza, na nikipewa nafasi ya kuchagua rekodi moja ya udakaji ya kumwonyesha kijana, nitamwonyesha hiyo.

Yankees, kwa kweli, walikuwa wa kwanza kunionyesha kwamba zamu haikuvumbuliwa leo. Berra alipoanza kuzeeka, Elston Howard alichukua sehemu kubwa ya udakaji, na Berra akapelekwa uwanja wa kushoto, mbali na besi. Mwaka 1961 Berra, Howard na Johnny Blanchard, watu watatu wenye uwezo wa kudaka katika timu moja, kila mmoja alipiga homurani (mpigo unaomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote) zaidi ya 20. Timu ikawa bingwa wa dunia.

Watatu waliozaliwa mwishoni mwa 1947

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na utamu wa pekee, kwa sababu maisha yenyewe yamefanya kazi ya maabara. Bob Boone alizaliwa tarehe 19 Novemba 1947. Johnny Bench tarehe 7 Desemba 1947. Carlton Fisk tarehe 26 Desemba 1947. Watatu hawa wamepishana kwa siku 37 tu, wakacheza miaka ileile, kwa vifaa vilevile, katika ligi ileile kuu. Mwisho wao ulipishana sana.

Bench aliingia ligi kuu akiwa na miaka 19. Akiwa na miaka 20 alidaka michezo 154 kwa Cincinnati Reds na kuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake, moja ya mbili zinazounda ligi kuu. Aliifikia rekodi ya Dickey: misimu 13 mfululizo ya michezo 100 au zaidi, 1968 hadi 1980. Alikuwa na akili ya kujilinda, maana yeye na Hundley ndio walioeneza udakaji wa mkono mmoja. Kocha wake Sparky Anderson pia alimpeleka besi ya kwanza, besi ya tatu na hata pembeni mwa uwanja siku ambazo miguu ilihitaji nafuu. Hata hivyo, mwaka 1981, akiwa na miaka 33, Bench aliomba asidake tena kila mara. Alistaafu mwaka 1983 akiwa ni mchezaji wa besi ya tatu. Jumla ya michezo aliyodaka ni 1,742.

Fisk alianza taratibu, na si kwa kupenda. Goti lilichanika mwaka 1974, mkono ukavunjika mwaka 1975, na katika misimu hiyo miwili alicheza chini ya nusu ya michezo. Kufikia mwisho wa msimu wa 1977, wote wawili wakikaribia miaka 30, Bench alikuwa amedaka karibu mara mbili ya michezo ya Fisk. Baada ya hapo mizani ikageuka. Chicago White Sox walimpeleka Fisk uwanja wa kushoto mwaka 1986 wakidhani amekwisha. Akarudi nyuma ya besi na kudaka zaidi ya michezo 100 mwaka 1991, akiwa na miaka 43. Tarehe 22 Juni 1993 alifikisha mchezo wa 2,226 na kuweka rekodi ya wakati huo. Timu ikamwachisha kazi ndani ya wiki moja, jambo ambalo mpaka leo naliona ni aibu kwao.

Boone alikuwa mpigaji wa kawaida sana, lakini mwili wake aliutunza kama kazi ya pili. Akiwa Philadelphia alifanya mazoezi yenye asili ya sanaa za mapigano pamoja na mrushaji Steve Carlton, miaka ambayo wengi waliona mazoezi makali ya misuli ni hatari kwa mchezaji wa besiboli. Alidaka michezo 2,225, mmoja tu pungufu ya Fisk, na mwaka 1989, akiwa na miaka 41, alidaka zaidi ya michezo 120 kwa Kansas City na kupata tuzo ya Gold Glove ya ulinzi bora.

Nani alifanya kazi zaidi? Ukihesabu michezo, Fisk na Boone. Ukihesabu kilele, Bench, bila mjadala. Hakuna mdakaji aliyefikia alichofanya katika miaka yake ya ishirini, na Reds walichukua ubingwa mwaka 1975 na 1976 wakimtegemea. Kwa hiyo uchaguzi wa kocha hapa ni wa kweli na una gharama. Mzigo mkubwa akiwa kijana hununua vikombe na kulipiwa miaka ya thelathini. Mzigo uliogawanywa, hata uliogawanywa na jeraha kama kwa Fisk, unaacha akiba.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini Iván Rodríguez hakubali. Mzaliwa huyu wa Puerto Rico alianza kudaka Texas Rangers mwaka 1991 akiwa na miaka 19, katika joto la Arlington linalozidi hata la Chicago, na kwa miaka mingi alidaka karibu kila siku. Kati ya 2000 na 2002 majeraha yalimkatiza misimu mitatu mfululizo. Watu wakasema amekwisha kama Bench. Mwaka 2003 akaipeleka Florida Marlins kwenye ubingwa, na tarehe 17 Juni 2009, akiwa na Houston Astros, aliivunja rekodi ya Fisk katika mji uleule wa Arlington. Alimaliza na michezo 2,427, rekodi iliyopo mpaka sasa. Yadier Molina wa St. Louis naye alidaka michezo 2,184 kati ya 2004 na 2022, yote kwa timu moja. Wapo watu wa namna hiyo. Kosa ni kupanga timu kana kwamba mdakaji wako ni mmoja wao kabla hajathibitisha.

Kichwa hakina mazoezi

Sehemu hii naiandika kwa uzito zaidi, kwa sababu inagusa vijana wetu moja kwa moja. Magoti hupata nafuu kwa mkao mzuri, kwa misuli imara, kwa siku ya mapumziko. Ubongo hauna msuli wa kuimarisha.

Joe Mauer wa Minnesota Twins ndiye mdakaji pekee wa ligi yake kushinda ubingwa wa wastani wa kupiga, na aliushinda mara tatu: 2006, 2008 na 2009. Agosti 2013 mpira uliochubua gongo ulimpiga kwenye kinga ya uso, akapata mtikisiko wa ubongo. Alikuwa na miaka 30. Hakudaka tena isipokuwa mpira mmoja wa kuagia, siku ya mwisho ya msimu wa 2018. Mike Matheny, mdakaji hodari wa St. Louis kisha San Francisco, alistaafu kabisa mwaka 2007 kwa sababu hiyohiyo ya mitikisiko.

Buster Posey wa San Francisco Giants aliponea kichwa lakini mguu ukavunjika, Mei 2011, mkimbiaji alipomvaa kwenye besi ya nyumbani. Mwaka uliofuata alirudi, akawa mchezaji bora wa ligi yake kwa wastani wa .336, na tukio lake lilichangia sana kupatikana kwa ile kanuni ya 2014. Giants walimtunza tangu hapo: siku nyingi alicheza besi ya kwanza. Alistaafu mwishoni mwa 2021 akiwa na miaka 34, akiwa bado anapiga .304. Alidaka michezo 1,093, na Mauer 921. Ukiwapanga kwa idadi peke yake, hawa wawili wanakaa chini ya watu ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Mauer ameingia Jumba la Watukufu wa besiboli, Cooperstown, mwaka 2024, na hakuna aliyemhesabia michezo.

Uganda tunaye Dennis Kasumba, mdakaji kijana ambaye video zake za mazoezi, akichuchumaa na kuruka na matairi ya magari, zilienea duniani na kumfikisha timu ya Frederick Keys katika ligi ya wanaosubiri kuchaguliwa, iliyo chini ya MLB (ligi kuu ya Marekani), mwaka 2023. Bidii yake naiheshimu kwa dhati, na vijana wengi wanamwiga. Kwa wanaomwiga nina neno moja: miguu yenye nguvu itakufikisha kwenye timu, lakini kinga ya uso iliyolegea au yenye ufa itakutoa. Kocha mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu mwaka huu, anunue kinga ya kichwa.

Perez na Raleigh: pumziko ambalo si benchi

Jozi ya mwisho ni ya zama zetu. Salvador Perez wa Kansas City Royals alidaka michezo 146 mwaka 2014, kisha akaendelea na mechi zote za mtoano mpaka mchezo wa saba wa fainali. Nusu ya pili ya msimu upigaji wake ulishuka waziwazi, na ndiye aliyepiga mpira wa mwisho ulioishia hewani na kuwapa San Francisco ubingwa. Mwaka 2019 hakucheza kabisa kwa sababu ya upasuaji wa kiwiko. Royals wakabadilika. Mwaka 2021 Perez alicheza michezo 161, lakini aliyodaka ilikuwa 124; iliyobaki nyingi alikuwa mpigaji maalumu, yaani anapiga tu bila kusimama uwanjani. Akapiga homurani 48, nyingi kuliko mdakaji yeyote kabla yake.

Cal Raleigh wa Seattle Mariners aliichukua njia hiyo na kuifikisha mbali. Mwaka 2025 alicheza michezo 159 na kupiga homurani 60. Kati ya michezo hiyo, aliyodaka ni kama 120. Mweke Raleigh karibu na Hundley: mmoja michezo 159, mwingine 160. Kwenye karatasi ni pacha. Mwilini, mmoja ana kama siku arobaini ambazo hakuchuchumaa. Ligi ya Marekani, moja ya mbili zinazounda ligi kuu, ilianza kuruhusu mpigaji maalumu mwaka 1973, na tangu 2022 timu zote za ligi kuu zinamtumia, kwa hiyo leo hakuna kocha mwenye kisingizio cha kumchosha mdakaji kwa sababu anahitaji gongo lake.

Basi uchague nini?

Ikiwa timu yako inacheza mchezo mmoja kwa wiki, kama ligi nyingi za shule zilivyo, mdakaji mmoja anatosha na usijisumbue na zamu wakati wa msimu. Hatari yako ni mashindano ya siku mbili au tatu, ambapo timu hucheza michezo miwili kwa siku. Hapo ndipo watoto hutumiwa kama Hayes wa mwaka 1944, na hapo ndipo zamu ni ya lazima. Mchezo wa asubuhi adake mmoja, wa alasiri mwingine, na aliyepumzika umpeleke besi ya kwanza au umfanye mpigaji maalumu, ili gongo lake lisipotee.

Kwa kijana mwenye kipaji cha Bench, aliye tayari akiwa na miaka 16 au 17, ningechagua njia ya Fisk bila majeraha yake: mdakaji mkuu, ndiyo, lakini si wa kila siku, na afundishwe mahali pengine pa kucheza tangu mapema. Mauer na Contreras waliendelea kuajiriwa kwa sababu waliweza kusimama besi ya kwanza. Asiyejua kingine isipokuwa kudaka, siku akishindwa kudaka hana pa kwenda.

Kwa timu ya watu wazima yenye fainali mbele yake na mdakaji mmoja bora kabisa, nitakubali ukimchezesha mfululizo wiki mbili za mwisho, ilimradi miezi ya kabla alipewa siku zake. Gibson alifanya hivyo mwaka 1909 na akashinda. Tofauti ya Gibson na Cubs wa 1969 sitasema ni mapumziko tu, lakini nikiangalia Septemba ile ya Chicago sioni mdakaji aliyebakishiwa kitu.

Na mkao wa goti moja? Uchukue, hasa kwa watoto wenye magoti yanayokua. Ukae tu mbali na gongo: mpigaji anyooshe gongo lake nyuma kabla ya mchezo, nawe uone glavu haifikiwi.

Jambo la mwisho ni kosa ninaloliona mara nyingi kwenye timu zenye wachezaji wachache: mtoto mwenye mkono mzuri anarusha awamu nne, kisha anavaa kinga na kudaka zilizobaki. Little League, shirika la besiboli ya watoto ambako vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia mwaka 2012, imeweka mipaka iliyo wazi. Aliyerusha mipira 41 au zaidi haruhusiwi kudaka tena siku hiyo. Aliyedaka awamu nne au zaidi haruhusiwi kurusha siku hiyo. Kanuni hizo hazihitaji pesa wala daktari. Zinahitaji mtu mmoja pembeni mwa uwanja mwenye kalamu na daftari, na mdakaji wa pili ambaye ameanza kufundishwa leo, kabla hajahitajika.